Kabla ya Kupaka Rangi Upya, Piga Picha

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi katika maktaba ya umma)

 

Nianze na ukuta mmoja. Shule ya msingi niliyosoma ilikuwa na mchoro mkubwa nje ya darasa la nne: mto, ng'ombe wakinywa maji, na mama amebeba kuni. Ulichorwa na mwalimu wetu. Nilipokuwa darasa la saba, wageni walitarajiwa, na ukuta wote ukapakwa rangi ya krimu kwa siku moja. Mwalimu yule alishafariki, na hakuna aliyepiga picha. Leo nikitaka kuwaonyesha wanangu, nimebaki na maneno tu.

Wengine wamejipanga kuliko sisi. Huko Dunhuang, China, kuna mapango ya Mogao yenye michoro ya Kibudha. Mapango 492 yana michoro, na kuta zake zikijumlishwa ni takriban mita za mraba 45,000. Pumzi na unyevu wa wageni huharibu rangi. Kwa hiyo wataalamu walipiga picha kuta hizo kipande kwa kipande, wakaunganisha vipande, na mwaka 2016 wakaweka mapango 30 kwenye intaneti. Mtu aliye nyumbani anaingia pangoni, anageuka huku na huku, na kukuza sura moja hadi aone mistari ya brashi. Watu wanaona, na ukuta unapumzika.

Nasi Kenya tuna hazina. Katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a kuna michoro mitano mikubwa ya Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Marangu, Tanzania, aliyesomea Makerere. Aliikamilisha mwaka 1959. Inasimulia maisha ya Yesu, lakini Yesu huyo ni Mwafrika, na mandhari ni ya nyumbani. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Ukiitazama michoro hiyo bila kujua hayo, umeona nusu tu.

Hapo ndipo kifaa cha kidijitali kinaposaidia. Picha ikiwa kwenye simu au kompyuta, mtoto anaweza kubonyeza mti, nyumba au uso, akasikia sauti ya mzee akieleza kwa lugha ya mama au Kiswahili. Lakini kompyuta haijui hadithi hiyo. Ni sisi tutakaoisema, na wanaoikumbuka wanazidi kupungua.

Kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Chagua ukuta mmoja: wa kanisa, shule, soko au hoteli. Omba ruhusa ya mwenyewe. Piga picha mchana, bila flashi, ukisimama sambamba na ukuta. Kwanza piga picha ya ukuta mzima, kisha vipande, kila kipande kikirudia karibu nusu ya kilichotangulia ili programu iweze kuviunganisha. Weka rula pembeni kuonyesha ukubwa. Usilowe­she ukuta wala kuusugua ili rangi ing'ae, kwa maana unauharibu. Andika tarehe, mahali na jina la mchoraji. Mwishowe keti na mzee anayeujua mchoro huo, umrekodi akikubali. Dakika tano zinatosha.

Hifadhi nakala mahali pawili. Simu huibwa, na simu huanguka majini.

Sisi maafisa wa serikali pia tuna la kujirekebisha. Mara nyingi tunakuja na ndoo za rangi kabla ya mgeni kufika, bila kumwuliza mtu ukuta huo una nini. Mkituona tunafanya hivyo, tusimamisheni kwanza, mpige picha. Hamtakuwa mmetukosea heshima.