Shoka na Mpini Wake

(Mawaidha kwa vijana, yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Nimepewa dakika chache kabla watu hawajaenda kushughulikia futari, kwa hivyo sitawachosha. Nataka kuzungumza juu ya pikipiki. Naona wengine mnacheka: Ramadhan na pikipiki, wapi na wapi? Subirini kidogo.

Imepokewa na Anas bin Malik (r.a.), katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza nyumbani kwake ana nini. Alikuwa na nguo moja ya kujifunika na kutandika, na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, Mtume akavinadi mbele ya maswahaba, vikanunuliwa kwa dirham 2. Dirham moja ikanunua chakula cha watoto, ya pili ikanunua shoka. Kisha Mtume akalitia shoka lile mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia akakate kuni akauze, asimwone kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirham 10.

Sote tunaijua hadithi hii, na kila siku tunaitumia kuwakemea wanaoomba. Lakini tunaupita ule mpini. Mtume (s.a.w.) hakumkabidhi chuma kitupu akamwambia haya, nenda zako. Chuma bila mpini hakikati kuni. Alimpa kitu kilicho tayari kwa mkono wa yule atakayekitumia.

Sasa njooni kwetu. Hapa Kenya shoka la vijana wengi ni bodaboda au tuktuk. Na mitaani mwetu tuna ndugu ambao mguu mmoja hauna nguvu kwa sababu ya polio, au umekatwa baada ya ajali, na wengine wameupoteza kwenye hiyo hiyo bodaboda. Akili anazo, mikono anayo, na watoto wanamtazama yeye. Akipata mfadhili, hupewa pikipiki kama ilivyotoka dukani. Ataiendesha vipi? Pikipiki ya kawaida gea iko mguu wa kushoto na breki ya nyuma iko mguu wa kulia. Basi humpa binamu yake aendeshe, na jioni apokee anachopewa. Amepewa chuma bila mpini, na watu wameshapiga picha wakaondoka.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii: tunapoandika maombi ya ruzuku, tuombe shoka pamoja na mpini wake. Tusiandike "pikipiki moja" tukaishia hapo.

Mpini wenyewe ni nini? Inategemea mtu. Aliyekosa mguu wa kulia atahitaji breki ya nyuma iletwe mkononi. Aliyekosa wa kushoto atahitaji gea ihamishwe, iendeshwe kwa wenzo wa mkono. Asiyeweza kuishikilia pikipiki ikisimama atahitaji magurudumu mawili nyuma. Awe na stata ya kubonyeza, si ya teke, na awe na mahali pa kufunga magongo yake. Tuktuk nyingi klachi na gea ziko kwenye usukani tayari, na breki ndiyo iko mguuni; kwa baadhi ya watu hiyo ndiyo njia fupi. Na mjue kwamba pikipiki ya magurudumu matatu hailali kwenye kona. Ukiingia kona kwa kasi inapinduka. Kwa hivyo mafunzo nayo ni sehemu ya mpini.

Kazi hii si ya kila fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea. Breki ikikatika, abiria wa watu yuko nyuma. Tafuteni fundi aliyewahi kuifanya, na mwende mkaione kazi yake barabarani. Pia waulizeni wenye uzoefu wa vifaa vya walemavu. Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana Bombolulu, Mombasa, ambako viti na baiskeli za magurudumu matatu zimetengenezwa kwa miaka mingi.

Haya, tunaomba wapi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria mpya mahali pake. Baraza limekuwa likisaidia kwa vifaa vya kujimudu, vifaa vya kazi, na ruzuku kwa vikundi. Lakini mlango wake una ufunguo, nao ni usajili. Ndugu yetu apimwe kwanza katika hospitali ya serikali inayofanya kazi hiyo, kisha asajiliwe na Baraza. Mkiomba kama kikundi, kikundi kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii na kiwe na akaunti ya benki. Msingojee tangazo litoke ndipo mkimbilie hospitali, mtachelewa.

Katika bajeti andikeni kila kitu kwenye mstari wake: bei ya pikipiki, kazi ya fundi kuibadilisha, ukaguzi, mafunzo na leseni, bima, helmeti mbili, na akiba ya matengenezo. Ambatanisheni karatasi ya bei kutoka dukani na nyingine kutoka kwa fundi. Waulizeni NTSA na kampuni ya bima kuhusu yale mabadiliko kabla fundi hajaanza kukata chuma. Na ruzuku si mkopo, hairudishwi wala haina riba. Lakini ni amana. Wekeni risiti.

Vijana mnaojua kompyuta, fomu nyingi siku hizi ziko kwenye intaneti, basi hapo ndipo penye thawabu yenu. Ila msimwandikie mtu mambo yake bila yeye. Mnamkumbuka Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa. Alistahiki kusikilizwa, na baadaye akawa muadhini wa Mtume. Kaeni na ndugu yenu, mumuulize mkono upi una nguvu, atapitia njia gani, atabeba abiria au mizigo. Yeye ndiye anayejua.

Na serikali ikichelewa? Wazee wa kamati, hapa nawageukia ninyi kwa heshima. Zaka yaweza kufanya kazi hii. Imam An-Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kwamba fukara mwenye kazi yake hupewa kiasi cha kununua vifaa vya kazi hiyo. Tukimpa fungu la unga kila Ramadhan, mwakani atarudi papo hapo. Tukimtilia mpini, inshaallah mwakani yeye mwenyewe atatoa zakatul fitri kwa ajili ya watu wa nyumba yake.

Kwa hivyo, kabla ya Idi, kila mtaa umtafute ndugu mmoja wa aina hii, muanze na usajili wake. Mmoja tu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, awape nguvu wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wenye kutia mipini. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.