Kuolewa Tena Baada ya Kipigo

(Maneno ya somo la redio la elimu ya watu wazima, kwa wasikilizaji wa Tukuyu na Wilaya ya Rungwe)

Natumaini mvua imewaruhusu kukaa karibu na redio, maana hapa Tukuyu mtu hawezi kusema amepanga jambo mpaka mawingu ya Mlima Rungwe nayo yamekubali. Na wewe unayesoma maneno haya baada ya kipindi, pengine usiku, watoto wamekwisha lala, karibu. Huenda somo la leo ni lako zaidi kuliko la wale wanaosikiliza mbele ya watu.

Somo lililopita tulizungumza habari za mwanamke anayepigwa nyumbani mwake, na njia za kutoka. Leo nataka kusema na yule ambaye amekwisha toka. Yuko kwa kaka yake, au amepanga chumba Bulyaga. Ana watoto wawili, anauza ndizi soko la Kiwira au anachuma chai kwa vibarua. Mwaka umepita, labda miwili. Sasa amekuja mtu mwingine, anazungumza kwa upole, anataka kuoa. Atamwaminije, na yule wa kwanza naye alianza kwa upole?

Kwanza ujue kwamba hauko peke yako. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kumi. Kwa Tanzania waliulizwa wanawake wa Dar es Salaam na wa Mbeya. Kati ya waliowahi kuwa na mume au mwenzi, wanawake 41 katika kila 100 wa Dar es Salaam walisema kwamba mume au mwenzi amewahi kuwapiga au kuwalazimisha kitandani. Kwa Mbeya walikuwa 56. Zaidi ya nusu. Kwa hiyo unapokaa kwenye benchi la kliniki pale Makandana, ukatazama kulia na kushoto, usidhani ni wewe tu unayevaa mikono mirefu wakati wa jua.

Sasa, kabla ya kumtazama huyu mwanamume mpya, tumalize kwanza ya yule wa zamani. Kwetu Rungwe jambo linaloanza kusemwa ni ng'ombe. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huku miaka ya 1930 wakaandika mila za Wanyakyusa, walieleza jinsi ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti walivyotumika kumwolea kaka yake. Basi binti aliporudi nyumbani na jeraha, wazee waliona jeraha, lakini waliona pia ng'ombe ambao wamekwisha toka zizini na hawarudi. Siku hizi mahari ni ng'ombe na fedha pamoja, au fedha tupu, lakini wazo lile halijafa. Utamsikia mjomba akisema, “Huyu bwana mpya ana uwezo, akubaliwe upesi, tumrudishie yule mali yake.” Mama, ukisikia maneno hayo, simama. Hapo linalotafutwa ni mtu wa kulipa deni, na wewe ndiwe utakayekabidhiwa kwake. Mwanamume aliyelipa deni la namna hiyo ataweza kulikumbusha kila mtakapogombana.

Sheria yetu haifungamani na zizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Tena ukatili, wa mwili na hata wa akili, ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama huyapokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Lakini sheria hiyohiyo inasema mwanamke aliyeolewa haruhusiwi kufunga ndoa nyingine wakati ile ya kwanza ingali hai. Wengi hujikwaa hapa. Wanadhani kukaa mbali miaka mitano kumekwisha vunja ndoa. Hakukuivunja. Unakwenda kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha linakupa hati ya kushindwa, na kwa hati hiyo unafungua shauri, hata katika Mahakama ya Mwanzo. Usiikalie hati hiyo, maana inatakiwa iwe haijapita miezi sita unapofungua shauri. Amri ya kuvunja ndoa haisubiri ng'ombe warudi. Shauri la mahari ni shauri jingine.

“Lakini sisi hatukufunga ndoa, alinitorosha tu.” Hata hivyo nenda ukaulize. Watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na majirani wakawajua kuwa mke na mume, sheria huwadhania kuwa wameoana, mpaka mtu athibitishe kinyume. Usikubali pia kuambiwa kwamba huna chako kwa sababu hukuwa na mshahara. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, maana ilionekana alikuwa amepewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Lakini neno lile limebaki, na wanawake wengi wamelitegemea tangu hapo. Migomba uliyopanda wewe, miche ya parachichi uliyomwagilia wewe, yaseme barazani.

Haya. Sasa twende kwa huyu mgeni.

Nitatoa mfano. Tuseme yuko mwanamke, jina lake Tusajigwe, anakaa kwa kaka yake karibu na Kyimo. Talaka yake anayo. Amemjua fundi mmoja mwashi, mjane, mtu wa kazi. Siku moja fundi akampa shilingi 60,000 ampelekee mtu wa matofali Kiwira, kwa kuwa Tusajigwe alikuwa anakwenda sokoni. Kufika Kiwira, fedha hakuna. Zimeanguka ndani ya gari, au zimechukuliwa, hajui.

Mnajua mwili wake ulifanya nini? Ulitangulia mbele ya akili. Tumbo lilikaza, mikono ikawa baridi, akaanza kutunga uongo. Atasema mwenye matofali hakuwapo. Kisha atakopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, alipe, na fundi asijue kamwe. Kwa mume wa kwanza hivyo ndivyo alivyoishi, na mara nyingine ndivyo alivyookoka. Siwezi kumlaumu.

Alikwenda kweli kukopa. Mweka hazina, mama mtu mzima, akamwuliza fedha ni za nini, na Tusajigwe akashindwa kusema uongo mbele ya yule mama. Mama akafunga sanduku. Akamwambia, “Mwanangu, fedha zipo, na kama ni lazima nitakupa kesho. Lakini leo nenda ukamwambie. Afadhali uione sura yake sasa, ungali unalala kwa kaka yako.”

Akaenda. Akamwambia uani, mlango wa nyumba wazi, wifi yake anapepeta mahindi. Fundi akakasirika. Ndiyo, alikasirika, msitazamie mtu asiyekasirika. Alisema, “Hiyo ni kazi ya siku tatu,” akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Usiku ule Tusajigwe hakulala. Kila mbwa alipobweka alisema huyo anakuja.

Fundi alikuja kesho yake jioni. Alisema bado zinamuuma. Akauliza gari gani, akasema safari ijayo wapeleke kwa simu, akanywa chai akaenda zake. Lakini sikiliza jambo hili, maana ndilo lililonifanya nitoe mfano mzima. Baada ya wiki mbili fundi alimtaka aache kwenda sokoni Jumamosi wakampalilie shamba la mama yake. Tusajigwe alisema, “Jumamosi siwezi, ndiyo siku yangu ya kuuza.” Yule mtu alinuna kidogo, akaenda kupalilia peke yake. Hakusema, “Wewe uliyepoteza fedha zangu ndiwe wa kunikatalia?” Lile kosa lilikuwa limekwisha. Halikuwekwa akiba.

Basi hiki ndicho kipimo ninachokupa. Upole wa mtu siku za uchumba si kipimo, na hasira si kipimo. Mwambie “hapana” katika jambo dogo, ungali na mahali pako pa kulala, uone hiyo “hapana” inapata nini. Mwambie kosa lako ukiwa na watu karibu. Halafu ngoja, maana jibu haliji siku ileile. Tazama kama baada ya hapo unaenda unakotaka kama zamani, unamtembelea dada yako, simu yako inabaki yako, fedha zako kwenye kikundi zinabaki zako. Au kama kidogo kidogo umeanza kuficha vitu vidogo, bei ya chumvi, jina la mtu uliyesalimiana naye njiani. Mwanamke aliyewahi kupigwa anaujua ufichaji huo kabla hajaujua kwa maneno. Akiuona umerudi, asingoje kofi ndipo aamini.

Wako wanaokuja kwa njia tamu. Anasema acha kuuza ndizi, upumzike, nitakulisha. Anataka namba ya siri ya simu yako, eti wapendanao hawafichani. Dada yako hampendi, mwenyekiti wa kikundi chako hampendi, na arusi anaitaka mwezi huu. Labda hana nia mbaya. Lakini mwenye nia njema hapotezi kitu akingoja mpaka mavuno mengine. Mshenga naye afanye kazi yake. Zamani mshenga aliuliza habari za ukoo, za maradhi na uvivu. Leo aulize pia: mke wa kwanza wa mtu huyu yuko wapi, waliachana kwa nini, majirani walisikia nini usiku? Na nyote wawili mwende mkapime damu pamoja, kabla ya mambo ya mahari. Mwanamume anayekataa kupima amekujibu maswali mengine pia.

Yako pia ya upande wako, mama, ambayo mwanamume mwema hawezi kuyajua usipoyasema. Utashtuka akiinua mkono kuchukua kikombe. Siku nyingine utatafuta ugomvi wewe mwenyewe, kwa sababu utulivu unakutisha. Umezoea kwamba baada ya utulivu huja kipigo, na unataka kije upesi kipite. Hutakuwa na wazimu. Mwili uliofundishwa hofu miaka minane hausahau kwa mwaka mmoja. Mwambie kwa maneno mafupi: “Nikishtuka, usinishike. Ngoja.” Kitandani vilevile, neno “hapana” lina heshima yake. Na hadithi yote ya zamani huna deni la kumsimulia, wala si lazima aimalize kuisikia.

Na wewe bwana, uliye tayari kumwoa mama wa namna hiyo. Usimwambie kila siku “mimi si kama yule.” Maneno hayo yule naye angeweza kuyasema. Mtu akishtuka mbele yako usichukie kama umetukanwa. Rudi nyuma hatua moja, endelea na kazi yako. Watoto aliokuja nao usiwashikie fimbo ili wakujue kuwa ndiwe baba. Watakujua kwa chakula, kwa ada ya daftari, na kwa jinsi unavyofungua mlango usiku. Mtoto aliyemwona mama yake akipigwa husikiliza mlango kabla hajakusikiliza wewe.

Neno moja la hatari, nalisema upesi lakini lishikeni. Mume wa zamani akisikia kwamba unaolewa, hiyo ndiyo saa ya kujiangalia sana. Usikubali kukutana naye peke yako eti mmalize mambo, hata akituma mtu mzima. Akitisha, mwambie mwenyekiti wa kitongoji na uende kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiumizwa, omba fomu ya PF3 na uende hospitali, na karatasi zote uziweke kwa mtu unayemwamini. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya yuko kwa kazi hiyo. Kwa watoto iko namba ya simu 116, haina malipo. Habari za nani akae na watoto, mahakama hutazama kwanza heri ya mtoto, na mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni vizuri akae na mama yake, isipokuwa iko sababu ya kufanya vingine.

Mtaniuliza, je, Tusajigwe aliolewa? Mwaka ule hapana. Alimwambia fundi angoje, na fundi akaendelea kuja kunywa chai.

Vikundi vinavyobaki baada ya kipindi, viongozi waulize swali hili: zile shilingi 60,000 zilipopotea, nani kati yetu angemshauri Tusajigwe akope na kuficha, na kwa nini? Wanaume wajibu kwanza. Tutakutana juma lijalo saa ileile.