Historia ya Marehemu: Kumkumbuka Rafiki Aliyeishi na Ulemavu wa Akili Ukambani



Katika mazishi yetu, kabla ya jeneza kuteremshwa, mtu husimama akasoma historia ya marehemu. Huanza na kuzaliwa kwake, akataja shule alizosoma, kazi, ndoa, watoto na wajukuu, kisha maradhi na siku ya kufariki. Marehemu akiwa ni mtu aliyezaliwa na ulemavu wa akili, karatasi hiyo huwa na mistari mitatu. Hakusoma, hakuoa, hakuajiriwa. Basi msomaji hutaja majina ya wazazi, akasema marehemu alikuwa mgonjwa tangu utotoni, akamshukuru Mungu kwa kumpumzisha, na shughuli ikaendelea.

Mada yangu inahusu karatasi hiyo. Nashikilia kwamba maisha ya marehemu hayakuwa mafupi kama ilivyoandikwa. Tatizo ni kwamba kalamu tumempa mtu ambaye hakuishi naye.

Nichukue mfano wa rafiki yetu mmoja wa upande wa milima ya Mbooni, ambaye jina lake silitaji kwa heshima ya jamaa zake. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, wala kitambulisho. Lakini mama yake alijua vizuri alimzaa lini: ilikuwa wakati wa njaa ya Nikw'a Ngwete, miaka ya 1980, watu walipokuwa na pesa mkononi na madukani hamna unga. Wazee wa Ukambani wamehesabu umri kwa njaa tangu zamani. Wako waliozaliwa na wazazi walioponea Ngomanisye, ile ya mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo pale programu yake ya mazishi ilipoachwa wazi mahali pa tarehe ya kuzaliwa, palikuwa na bibi kumi katika umati ambao wangeweza kupajaza.

Aliishi katika boma la nyumba nne. Mama yake alipofariki, wake wa kaka zake pamoja na jirani mmoja mjane walikubaliana kwamba asihamishwe. Akaendelea kulala katika chumba kile kile. Alikula muthokoi katika nyumba zote nne kwa zamu, na kila nyumba ilijua kwamba hapendi maharagwe na kwamba chai yake isiwe moto sana. Asubuhi yeye ndiye aliyefungua zizi la mbuzi. Akiugua, mbuzi walichelewa kutoka, na majirani wa ng'ambo ya bonde walituma mtoto aje kuuliza kuna nini.

Zaidi ya yote, alikuwa mtu wa mwethya, yaani kundi la kazi za pamoja kijijini. Ninyi mnajua kuta za zege zinazokatiza mito yetu ya msimu. Mafuriko yakija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga huo maji hukaa miezi mingi baada ya mvua kwisha, jua lisiyafikie. Kundi la Utooni lilianza kazi hiyo mwaka 1978 likiongozwa na Joshua Mukusya. Upande wa Kitui, shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga mamia ya kuta hizo. Saruji huweza kuletwa na mfadhili, lakini mawe, mchanga na maji hubebwa na mwethya, wanaume kwa wanawake. Rafiki yetu alibeba mawe. Hakuweza kuhesabu kupita vidole vya mkono mmoja, ila alijua ni boma gani halikutuma mtu siku hiyo. Jioni alikwenda kusimama langoni kwao, kimya, mpaka mwenyewe atoke na kueleza. Katibu wa kundi alikuwa na daftari la mahudhurio na faini zake, na bado wanakundi walikiri kwamba walichokiogopa zaidi ni kumkuta yule bwana langoni. Ukuta upo hadi leo na watu wanachota maji.

Hayo yote hayakusomwa siku ya mazishi. Programu ilichapishwa Nairobi na mpwa aliyekuwa akifika Krismasi tu. Simlaumu; familia ilimtuma kwa sababu ndiye aliyejua kompyuta. Wale wanawake wanne waliompikia walikuwa jikoni wakiwapikia waombolezaji, na hakuna aliyewaita waseme.

Naomba nieleweke. Sisemi tuandike sifa tupu. Alipokuwa mdogo, mama yake alimfunga kamba kwenye mti alipokwenda shambani, kwa kuwa mtoto alikuwa akitoroka kuelekea mtoni na hapakuwa na wa kumwangalia. Jambo hilo nalo ni sehemu ya historia yake, na kulitaja pamoja na sababu yake si kumtukana mama. Ni kueleza jinsi mwanamke alivyoachwa peke yake na mzigo ambao baadaye boma zima liliubeba bila kamba. Wako wengine leo, Mutomo hadi Kibwezi, ambao bado wamefungiwa ndani, na wako wasichana wenye ulemavu wa akili wanaodhulumiwa na watu wanaowajua, kesi ikaishia kwa mbuzi wawili mbele ya wazee. Tukificha hayo makaburini, tutayaficha pia kwa chifu na mahakamani.

Historia ya jumuiya za L'Arche inatufunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1964, katika kijiji cha Trosly-Breuil nchini Ufaransa, Jean Vanier aliwakaribisha wanaume wawili wenye ulemavu wa akili waliotoka katika taasisi, Raphaël Simi na Philippe Seux, waishi naye nyumba moja. Kutokana na nyumba hiyo zikazaliwa jumuiya katika nchi nyingi, na hapa Kenya iko moja Nyahururu. Kwa miaka mingi vitabu viliandikwa kumhusu Vanier, naye akaitwa mtakatifu angali hai. Alifariki mwaka 2019. Mwaka uliofuata L'Arche yenyewe ilitoa ripoti kwamba aliwadhulumu kingono wanawake waliomtegemea kiroho, na ripoti ya 2023 ikataja wasiopungua 25. Hawakuwa watu wenye ulemavu wa akili, lakini jeraha ni lile lile la mwenye mamlaka kumtumia aliyemwamini. Jumuiya hizo zingali hai, maana hazikusimama kwa mwanzilishi tu. Zilisimama kwa watu kama Raphaël na Philippe, ambao wengi wetu tunayasikia majina yao leo kwa mara ya kwanza. Hiyo nayo ni karatasi ya mistari mitatu.

Sheria iko upande wetu. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Sioni kwa nini haki hiyo ikome jeneza linapofungwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 19 kwamba ana haki ya kuishi katika jamii na kuchagua atakaa wapi na nani. Lakini shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi hazijengi nyumba, na zikichelewa hazinunui hata unga.

Hapo ndipo mzazi anapouliza: nikifa, nani atakaa na mwanangu? Wengi hufikiria taasisi ya mbali. Mimi nasema tutazame karibu. Kwa Vonza, Kitui, kuna Kijiji cha Nyumbani, kilichoanzishwa na Padre Angelo D'Agostino mwaka 2006, ambako mabibi na mababu wanakaa nyumba moja na watoto walioachwa yatima na UKIMWI, wengi wao bila undugu wa damu. Kitui imeonyesha kwamba nyumba huweza kuundwa na watu waliokubaliana kuishi pamoja. Yale ambayo boma la Mbooni liliyafanya bila msaada wowote, kaunti inaweza kuyafanya kwa bajeti: nyumba ndogo ndani ya kijiji, watu wanne au watano, karibu na mwethya wao, na posho kwa wanawake ambao sasa wanafanya kazi hiyo bure.

Wahudumu wa afya ya jamii, mnaingia kila boma. Naomba muanze sasa, wahusika wakiwa hai, kuandika pamoja nao na wanaowapikia: anapenda nini, anafanya kazi gani, nani rafiki yake, anamwogopa nani. Karatasi hiyo itasaidia hospitalini na kwa chifu wakati wa kutafuta kitambulisho. Na nyinyi wachungaji na mapadre, siku ya mazishi ikifika, msikubali historia ya marehemu isomwe kabla ya kuwaita wanawake walio jikoni.