Kilo za Mutoto na Mustari wa Karatasi Yake
(Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto, Kisangani)



Kila mwezi munakuja. Wengine munatoka Mangobo kwa miguu, wengine munavuka mto kutoka Lubunga na mutumbwi, mutoto mugongoni. Mutoto anatundikwa kwenye mizani, analia, muuguzi anaandika namba, anatia alama moja ndogo juu ya karatasi, kiisha munarudi nyumbani. Wengi wanafikiri alama ile ni ushuhuda tu ya kama mama amekuja. Hapana. Alama ile ni hesabu, na hesabu ile inaweza kuonyesha ugonjwa mbele macho ya mama hayajauona. Basi leo tujifunze kuisoma. Hata mama asiyejua kusoma barua anaweza kusoma mustari.

Kwanza, ile mistari iliyochapwa juu ya karatasi ilitoka wapi? Sikieni mufano. Chukua watoto wanaume 100 wenye miezi 6, wote wenye afya, wote wamenyonya vizuri. Uwapange mumoja nyuma ya mwingine kama watu wanaongojea maji kwenye bomba: mwepesi kabisa mbele, muzito kabisa nyuma. Yule anayesimama katikati ana kilo 7 na gramu 900 hivi. Njo mustari wa katikati ule. Sasa tazama mbele ya safu: ni wawili tu, katika wale 100, wenye kuwa chini ya kilo 6 na gramu 400. Pale wanapishilia mustari wa chini. Kuna mwingine tena chini zaidi, na katika watoto 1000 wenye kulishwa vizuri ni mumoja hivi tu anayefika huko. Wakafanya hivyo kwa kila mwezi, tangu kuzaliwa mpaka miaka 5, wanaume mbali na wanawake mbali, maana watoto wanawake ni wepesi kidogo: katikati yao kwa miezi 6 ni kilo 7 na gramu 300.

Angalieni vizuri neno hili: hata katika watoto wenye kushiba, wawili kati ya 100 wako chini ya mustari. Walizaliwa wadogo, wazazi wao ni wadogo, hawana ugonjwa. Kwa hiyo alama moja peke yake haiwezi kumuhukumu mutoto, wala kumuhukumu mama yake. Na mimi naona ni vibaya kabisa muuguzi akimukaripia mama mbele ya wenzake kwa sababu ya alama moja. Mama yule atapata haya, mwezi ujao hatakuja, na hapo hesabu yote inakufa.

Kinachosema ukweli ni alama zinazofuatana. Tuchukue watoto wawili wanaume.

Wa kwanza ni munene, jirani wote wanamusifu. Kwa miezi 4 alikuwa na kilo 7 na gramu 600. Kwa miezi 5, kilo 7 na gramu 900. Kwa miezi 6, kilo 8 barabara. Kwa miezi 7, kilo 8 tena. Kwa miezi 8, kilo 7 na gramu 900.

Wa pili ni mudogo, na mama yake anaona haya kumufungua kanga mbele ya watu. Kwa miezi 4 alikuwa na kilo 5 na gramu 800. Kiisha kilo 6 na gramu 300, kiisha 6 na 700, kiisha kilo 7, na kwa miezi 8 kilo 7 na gramu 200.

Nani ni mugonjwa? Ukitazama mwezi wa 8 peke yake utasema ni yule mudogo, kwani mwenzake anamupita kwa gramu 700. Lakini fanya hesabu ya kutoa. Kutoka miezi 4 mpaka miezi 8 yule mudogo ameongeza kilo 1 na gramu 400. Mutoto wa katikati, yule wa mustari, anaongeza kilo 1 na gramu 600 katika wakati uleule. Basi mudogo anatembea njia yake vizuri, sambamba na wengine. Na yule munene? Ameongeza gramu 300 tu, na miezi miwili ya mwisho hakuongeza kitu. Kumbe mutoto wa kusifiwa njo mwenye kutafutiwa munganga. Bado yuko juu ya mustari wa chini, macho hayaoni kitu, lakini mustari wake umelala. Mustari unaopanda ni mwema. Mustari uliolala unasema kuna jambo. Mustari unaoshuka, usingojee mwezi ujao.

Jambo gani? Mara nyingi katika miezi ile mutoto ameanza kula. Amepewa uji wa unga wa muhogo na maji tu. Uji ule unajaza tumbo, lakini haujengi mwili. Kiisha anapata kuhara, ao malaria, hatamani kula, na kilo zinasimama. Uendelee kumunyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi, na ndani ya uji utie karanga zilizosagwa, ao samaki aliyekaushwa na kutwangwa, ao mbinzo, ao maharagi yaliyopondwa bila maganda, na kijiko cha mafuta ya mawese. Na kisha ugonjwa umuongezee chakula mara moja zaidi kwa siku, muda wa majuma mawili hivi, mpaka mustari urudi pahali pake.

Sasa mutaniuliza: kama gramu 100 zimepungua, niogope? Ngoja kidogo. Mizani pia ina makosa yake. Mutoto aliyenyonya sasa hivi ana uzito kuliko yule aliyekojoa sasa hivi. Nguo yenye maji ina gramu zake, bangili ina gramu zake. Kama sindano ya mizani haikurudi kwenye sifuri mbele ya kupima, kila mutoto wa asubuhi ile atakuwa na kilo za uongo. Ndiyo maana tunasema: muvue nguo, na wewe mama utazame sindano kwanza. Una haki ya kuitazama. Gramu 100 zaweza kuwa maziwa ao mukojo tu.

Lakini hesabu hii inategemea umri. Mutoto muchanga mwanaume wa katikati, kutoka mwezi wa 1 mpaka wa 2, anaongeza kilo 1 na zaidi. Karibu na miezi 7 anaongeza gramu 300 ao 400 kwa mwezi. Kisha mwaka mumoja ni gramu 200 hivi tu, na hapo kosa la mizani linaweza kufunika mwezi muzima. Kwa hiyo mutoto muchanga asiyeongeza kitu mwezi mumoja, ni neno kubwa leo leo. Mutoto wa mwaka mumoja na nusu asiyeongeza mwezi mumoja, tunamuangalia na tunamungojea mwezi wa pili. Njo sababu tunawasihi musiruke miezi. Alama mbili zenye miezi mitano katikati yake ni kama njia yenye daraja lililovunjika. Hatujui mutoto alipita wapi.

Kuna pahali pamoja mizani inadanganya kabisa. Ni ule ugonjwa wa kwashiorkor, ambao watu wa Kivu wanauita bwaki. Mutoto anakosa chakula, miguu inavimba, uso unavimba, na maji yale ya kuvimba yana uzito. Mustari unaweza kupanda, na mama anafurahi, kumbe ni maji. Kwa hiyo mbele ya kufurahia kilo, finya juu ya mguu wa mutoto na kidole gumba, uhesabu polepole mpaka 3, uondoe kidole. Ufanye hivyo miguu yote miwili. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, usitazame karatasi tena. Umulete siku ileile.

Kuna wengine wanaosema: mistari hii ni ya Wazungu, sisi ni watu wengine. Neno lao si la upuuzi, tena zamani walikuwa na haki. Tangu miaka ya 1970 hospitali za inchi nyingi zilitumia mistari iliyotoka kwa watoto wa Marekani, na wale wachanga wengi wao walilishwa maziwa ya chupa. Mutoto wa chupa hakui sawasawa na mutoto wa ziwa. Mutoto wa ziwa anakimbia sana miezi ya kwanza, kiisha anapunguza mwendo kidogo. Basi mutoto mwenye afya, anayenyonya vizuri, alionekana kama anaanguka, na mama aliambiwa maziwa yake hayatoshi. Ni wamama wangapi walianza chupa bila sababu kwa ajili ya mustari uliopimwa kwa watoto wasiofaa! Hesabu ilikuwa sawa, lakini waliohesabiwa hawakuwa watoto wa kufananisha.

Kwa hiyo Shirika la Afya la Ulimwengu lilipima upya, tangu mwaka 1997 mpaka 2003. Walichagua watoto wa miji 6: Accra katika Ghana, Muscat katika Oman, Delhi katika India, Pelotas katika Brazili, Oslo katika Norvege, na Davis katika Marekani. Watoto 8,440 hivi, watoto wa wamama wasiovuta tumbako, na wachanga walionyonya. Mwaka 2006 mistari mipya ikatoka, njo hii munayoiona. Na walipofananisha urefu wa watoto wadogo, tofauti kati ya mji na mji ilikuwa ndogo sana. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya mutoto na mutoto ndani ya mji mumoja. Mutoto wa Accra aliyelishwa vizuri na mutoto wa Oslo aliyelishwa vizuri walikua karibu sawa.

Sasa mutaelewa namba hii. Katika inchi yetu, walipopima watoto chini ya miaka 5 mwaka 2013 na 2014, watoto 43 kati ya 100 walikuwa chini ya mustari wa chini wa urefu. Kumbukeni safu yetu kwenye bomba: katika watoto wenye kulishwa vizuri ni 2 tu. Utoe 2 katika 43. Wale 41 hawakuzaliwa kuwa wafupi. Ni chakula, ni kuhara, ni malaria iliyorudi mara nyingi, ni maji mabaya. Mutu akikuambia ya kama mutoto wako ni mufupi kwa sababu ya kabila, mujibu na namba hiyo.

Kazi ya kuhesabu wazima pamoja na wagonjwa si ngeni kwetu. Pale Yakusu, chini ya mto, munganga Clement Chesterman alifika mwaka 1920, wakati ugonjwa wa usingizi uliua watu wengi. Hakungojea wagonjwa hospitalini tu. Yeye na wauguzi wa Kongo aliowafundisha walikwenda kijiji kwa kijiji, wakapima watu wote, maana aliyebeba ugonjwa bila kujua angeupelekea wengine. Mutoto anayekuja kupimwa akiwa muzima anafanya kazi ileile: bila yeye hatuna mustari wa kufananisha siku atakayougua.

Mwisho, kuna utepe wa mukono. Mwaka 1974 waganga Shakir na Morley waliandika juu yake, baada ya kuona ya kama mukono wa mutoto, kati ya mwaka 1 na miaka 5, unanenepa kidogo sana. Kwa hiyo namba moja inatosha kwa wote, bila kujua siku ya kuzaliwa. Leo tunautumia tangu miezi 6. Mukono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, utepe usibane wala usilegee. Kijani ni vizuri. Rangi ya manjano, yaani kati ya sentimeta 11 na nusu na 12 na nusu, umulete juma hili. Nyekundu, chini ya sentimeta 11 na nusu, umulete leo. Mama anaweza kupima mwenyewe nyumbani; katika inchi ya Niger wamama walifundishwa, na vipimo vyao vikawa karibu sawa na vya wahudumu wa afya.

Na ukija, usiondoke mbele ya kuuliza maneno mawili: mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi, na leo ngapi. Muuguzi akikosa kujibu, mupe karatasi tena mukononi.