Feni ya Gari na Beringi Yake

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo kilichofichwa mbele ya injini ya gari, nacho ni beringi ya feni. Huenda mtu akauliza, "Mimi si fundi, wala sina gari, habari hizi zanifaa nini?" Twamjibu hivi: mahindi yako hufika sokoni kwa gari, na mgonjwa wako hufika hospitali kwa gari, na mara nyingi gari lenyewe ni pikapu moja tu ya dizeli itumikiayo vijiji vitatu au vinne. Pikapu hiyo ikifa, hasara si ya mwenyewe peke yake. Tena wewe abiria waweza kuusikia mlio ambao dereva ameuzoea hata hausikii tena.

Kwanza tueleze kazi ya feni. Injini ya namna hii ina jina la Rudolf Diesel, aliyefaulu kuifanya iende vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, Ujerumani. Huunguza mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa sana. Katika joto lote litokalo katika mafuta hayo, sehemu tu hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha magurudumu. Sehemu nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa hubaki katika chuma cha injini. Joto hilo lisipoondolewa, chuma hutanuka, hupinda, mwisho hupasuka. Basi pampu huyazungusha maji ndani ya injini. Maji hulichukua joto na kulipeleka katika rejeta iliyo mbele. Na hewa ipitayo katika rejeta hulitupa nje. Feni ndiyo ivutayo hewa hiyo.

Gari likienda mbio katika nchi tambarare, upepo wa mwendo peke yake waweza kutosha. Lakini fikirini pikapu iliyopakia saruji ikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, njia ya kilomita zaidi ya 30 ipandayo yapata mita 1,000. Gari laenda polepole kwa gia ndogo, injini yafanya kazi kwa nguvu zake zote, wala hapana upepo wa mwendo. Hapo feni ndiyo pumzi ya injini. Ndiyo maana dereva aweza kuona salama siku nzima kule bondeni, akadhani hapana neno, kisha mlimani akapatwa na msiba.

Sasa beringi ni nini? Ni chuma cha mviringo chenye pete ya nje na pete ya ndani, na kati yake gololi za chuma kigumu zinazobingirika katika grisi. Kazi yake ni kuifanya shafti izunguke bila kusuguana na nyumba yake. Tuseme shafti ya feni huzunguka mara 3,000 kwa dakika moja. Wanafunzi na wafanye hesabu: kwa saa moja ni mara 180,000. Kwa mzunguko wa namna hiyo, hata chembe ndogo ya mchanga au tone la maji katika grisi huweza kuleta uharibifu.

Katika pikapu nyingi, mathalani Toyota Hilux zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, feni haina nyumba yake yenyewe. Hufungwa mbele ya shafti ya pampu ya maji, na mkanda huizungusha shafti hiyo. Kwa hiyo beringi ya pampu ndiyo beringi ya feni. Katika magari mengine feni huwa na kitovu chake mbali na pampu, na hapo beringi yaweza kubadiliwa peke yake. Yampasa mtu kutazama gari lake ni la namna gani kabla ya kutoa fedha.

Beringi haifi ghafula bila kutoa habari. Dalili zake ni tatu. Ya kwanza ni mlio. Mwanzo husikika kama ndege alialiaye asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hunyamaza. Baada ya siku kadhaa hugeuka kuwa mngurumo kama wa jiwe la kusagia. Mlio huo hupanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini, hata gari likiwa limesimama; mlio wa magurudumu hufuata mwendo wa gari. Dalili ya pili ni feni kucheza. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, shika ncha ya panga la feni, ulisukume mbele na nyuma kwa taratibu. Shafti ikitikisika, beringi imekwisha. Ila feni nyingi zina klachi yenye mafuta mazito ndani yake, nayo huweza kuwa na mchezo mdogo wake mwenyewe. Kwa hiyo tazama shafti yenyewe, usitazame mapanga tu.

Dalili ya tatu ni maji. Chini ya nyumba ya pampu pana tundu dogo. Wengine hulidhani kuwa ni kasoro, wakaliziba kwa sabuni au gundi. Kumbe tundu hilo limewekwa makusudi. Ndani ya pampu mna sili izuiayo maji yasiifikie beringi. Sili ikichoka, maji yavujayo hutoka katika tundu hilo na kuanguka nje. Ukiliziba, maji hayana njia ila kuingia katika beringi, kuiosha grisi na kuleta kutu. Basi ukiona alama ya maji yaliyokauka chini ya tundu hilo, jua kwamba pampu yakuonya.

Ukitaka kuhakikisha mlio watoka wapi, zima injini, ondoa mkanda, kisha iwashe kwa muda usiofika dakika moja. Mlio ukikoma, ulikuwa katika vitu vizungushwavyo na mkanda. Zima tena, uizungushe puli ya pampu kwa mkono. Beringi nzima huzunguka kimya; iliyochakaa hukwaruza kama iliyotiwa mchanga.

Mwenye gari akiambiwa habari hizi, mara nyingi husema, "Tungoje mavuno, gari bado laenda." Twajua kwamba fedha ni ngumu, na maneno hayo twayaelewa. Lakini atazame linalomngoja. Shafti ikilegea sana, mapanga ya feni hugonga rejeta na kuitoboa. Maji humwagika yote, na joto hupanda upesi. Dereva asiposimama mara moja, silinda hedi hupinda au hupasuka. Hapo atakayenunua pampu moja atanunua pampu, rejeta na silinda hedi pamoja, na gari litalala wiki nyingi bila kuleta hata senti. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe. Ngoja injini ipoe kabisa. Maji ya rejeta hukaa chini ya mkandamizo, na kwa sababu hiyo huweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua kofia yake yangali na moto, huruka ghafula na kumbabua mtu uso na mikono. Injini ikiwa baridi, zuia magurudumu, na uondoe waya wa hasi wa betri. Kisha fungua kofia, uyatoe maji kwa chini na kuyakinga katika chombo safi. Kama yana dawa ya kupozea injini, yaweke mbali na watoto na mifugo, kwani dawa hiyo mara nyingi ni tamu, nayo ni sumu.

Mkanda ungali umekazwa, legeza nati nne za feni. Mkanda utaishika puli isizunguke. Ndipo ulegeze mkanda na kuutoa. Ondoa kava la feni, uweke ubao mwembamba au kipande cha boksi mbele ya rejeta, ili spana ikiteleza isiitoboe. Toa feni pamoja na klachi yake, uisimamishe kama ilivyokuwa garini. Ukiilaza, mafuta yaliyo ndani huweza kuvuja. Kagua mapanga yote. Likiwapo lililopasuka au kuvunjika, feni hiyo haifai tena.

Bolti za pampu huwa na urefu mbalimbali. Chora umbo la pampu juu ya boksi, utoboe matundu, na kila bolti itokapo uichomeke mahali pake katika mchoro. Fundi aliyebobea hufanya hivyo, na mwanafunzi asione haya kufanya. Pampu ikishikamana, igonge polepole kwa nyundo ya mti. Kwangua gasketi ya zamani yote, ila usiukwaruze uso wa chuma, maana katika mkwaruzo ndimo maji yatakamovuja.

Hapa ndipo penye shauri kubwa: tubadili beringi peke yake, au pampu nzima? Katika pampu za namna hii shafti yenyewe ndiyo pete ya ndani ya beringi, na gurudumu la kusukuma maji limeshindiliwa mwisho wake. Kuitoa beringi ni kulitoa gurudumu, na sili haifai kurudishwa. Kazi hiyo yataka mashine ya kushindilia na vipimo sahihi. Aliye navyo na aifanye, akikumbuka kanuni moja: beringi ikiingizwa katika nyumba yake husukumwa kwa pete ya nje. Ukiisukuma kwa shafti, nguvu yote hupita katika gololi, nazo huacha vishimo katika njia yao. Beringi hiyo huanza kulia ingali mpya. Aliye na nyundo tu twamshauri anunue pampu nzima. Bei yake ni kubwa kuliko ya beringi, lakini hatailipa mara mbili.

Wako pia watu watobowao nyumba ya pampu ili watie grisi au mafuta. Beringi hizi hufungwa kiwandani pamoja na grisi yake, nayo hudumu maisha yao yote. Kutoboa ni kuingiza takataka. Mlio hupungua siku mbili tatu, mwenye gari akafurahi, kisha hurudi kwa nguvu zaidi.

Pampu mpya ikifika, izungushe kwanza kwa mkono, uilinganishe na ya zamani. Weka gasketi mpya, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana pande mbili mpaka zote zikazike sawasawa. Rudisha puli, feni, kava na mkanda. Mkanda ukikazwa kupita kiasi huivuta shafti upande mmoja mchana kutwa, na hilo ni sababu mojawapo kubwa ya kufa kwa beringi. Ukiwa legevu huteleza na kupiga kelele. Kwa kawaida ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba kwa nguvu, hushuka yapata sentimeta moja. Kitabu cha gari lako kitakupa kipimo chenyewe.

Jaza maji safi yenye dawa, rudisha waya wa betri, uiwashe injini kofia ikiwa wazi, uache hewa itoke, na kuongeza maji yanapopungua. Mtu asiinamie feni akiwa na kanga, shuka au mkono wa shati unaoning'inia. Maji yakitulia, funga kofia, utazame kama pana tone popote. Kisha nyamaza, usikilize.

Neno la mwisho ni hili. Yeyote abadiliye beringi na ajiulize kwanza iliyokufa iliuawa na nini: mkanda uliokazwa mno, panga lililovunjika, au sili iliyovuja? Asipoiondoa sababu, hiyo mpya nayo itafuata njia ile ile, naye atalaumu duka. Nanyi mpandao magari, mkisikia mngurumo mbele ya injini, mwambieni dereva kwa adabu kabla hamjafika mlimani. Na wewe dereva, usikasirike ukiambiwa. Shuka, zima injini, utazame. Huenda kesho juu ya gari hilo hilo kukawa na mama anayewahishwa kujifungua, na njia ikawa ya kupanda.