Daftari Lisilo na Makosa
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Kabuku)



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini. Mimi ni mtunzaji wa mitambo ya kompyuta. Badala ya kujisifu, nitawasimulia kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifunza zaidi.

Kompyuta inayohudumia ofisi nzima huitwa seva. Yetu iliendeshwa na Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Seva hiyo ilikuwa na waya mbili za mtandao, zimefungwa pamoja zifanye kazi kama waya moja. Sisi tuliosoma kando ya mashamba ya mkonge tunaelewa shabaha yake: kamba husokotwa kwa nyuzi nyingi ili uzi mmoja ukikatika mzigo usianguke.

Lakini mzigo wetu ulianguka kila siku. Dakika kumi mtandao upo, dakika mbili haupo, na wananchi wamepanga foleni dirishani. Nikafungua faili la taarifa, /proc/net/bonding/bond0, ambalo huonyesha kila waya imekatika mara ngapi. Waya ya kwanza: sifuri. Ya pili: sifuri. Nikaamua kwamba waya ni nzima, kwa hiyo kuna mtu anayechezea mipangilio. Mbali na mimi, aliyekuwa na ruhusa ya kuingia humo ni fundi mmoja tu, kijana aliyeajiriwa karibuni. Nikaandika rasimu ya barua ya onyo.

Kijana alipoitwa hakubisha. Alisema, "Shikamoo, mzee. Naomba tusome pamoja mstari ulio juu ya hesabu hiyo." Mstari ule ulitaja muda wa ukaguzi wa waya, nao ulikuwa sifuri. Maana yake seva haikuwa ikikagua waya kabisa. Na aliyepanga hivyo siku seva inafungwa alikuwa mimi.

Ndugu zangu, mnamkumbuka kiranja asiyeita majina bwenini. Asubuhi huripoti kwamba hakuna aliyetoroka, na daftari lake ni safi. Hesabu yangu ilikuwa ya kiranja huyo.

Tuliweka ukaguzi wa kila milisekunde 100, yaani mara kumi kwa sekunde. Kufikia adhuhuri waya ya kwanza ilikuwa bado sifuri, ya pili imevuka 20. Tukabadilisha kitu kimoja kimoja. Waya ile ile tuliihamishia tundu jingine la swichi, ikatulia. Waya nzima tukaichomeka tundu la zamani, ikaanza kukatika. Ubovu ulikuwa kwenye tundu.

Tulikuta na kosa la pili. Seva ilikuwa ikituma pakiti kwa zamu, hii huku na ile kule, hali swichi haikuelezwa kwamba waya zile mbili ni kitu kimoja. Ikawa inaona anwani ile ile ikirukaruka kati ya matundu mawili. Tukapanga upya: waya moja ifanye kazi, nyingine ingoje. Kisha kila waya tukaipa swichi yake, kwani swichi moja ikizimika waya zote mbili hufa pamoja.

Jambo hili si la ofisi moja tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika sana Tanzania na nchi jirani. Zilikuwa mbili kwa jina, lakini zilipita bahari ile ile na zikaumia siku ile ile. Njia ya akiba ni ile isiyoweza kupatwa na ajali moja na mwenzake.

Barua ya onyo niliichana mbele ya kijana yule, na siku iliyofuata nikamwomba radhi mbele ya watumishi wote, kwa sababu minong'ono juu yake ilikuwa imekwisha kuenea. Kuomba radhi chumbani kusingemrudishia jina lake.

Vijana, mtakapokuwa wakubwa wa kazi, mtaletewa taarifa nyingi zinazosema hakuna kosa. Kabla ya kufurahi, na hasa kabla ya kumtia mtu hatiani, ulizeni: nani alikuwa zamu, na alikagua mara ngapi? Nanyi mlio chini, mkiona mstari ambao mkubwa wenu hakuusoma, semeni kwa adabu, lakini semeni.