ASKARI, MKIMBIAJI, MSANII: WAKITUMIKA WANASIFIWA, WAKICHOKA WANASAHAULIWA

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyofanyika Nyangoto, wilayani Tarime, mbele ya wazee, kina mama na vijana. Tunayachapa kama yalivyosemwa. – Mhariri



Wengine walitaka leo nizungumzie dhahabu, maana hapa Nyangoto ukifungua mlango unaona mgodi. Dhahabu ina siku yake. Leo nazungumzia watu. Nazungumzia askari waliopigana vita, wanamichezo waliobeba bendera, na vijana wa muziki wa kufokafoka, huo mnaouita hip-hop. Mtaniuliza, mzee, mambo hayo matatu yanakutana wapi? Yanakutana hapa: wote watatu wanaitwa mashujaa siku taifa linapowahitaji. Kesho yake taifa linauliza, huyu naye ni nani?

Naanza na rangi ya ngozi. Tuseme kweli, ndugu zangu: hesabu hii ya kumpima mtu kwa matumizi yake haikuanza na chama tawala. Ilianza na mkoloni.

Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wengine kwa hiari, wengine kwa kuswagwa kama ng'ombe wa mnada. Wengi waliingia KAR, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana na Waitaliano kule Ethiopia mwaka 1941. Kisha wakavushwa bahari hadi Burma, wakapigana na Wajapani ndani ya mvua, matope na malaria ya bonde la Kabaw mwaka 1944. Risasi ya Mjapani haikuuliza rangi ya mtu. Mhasibu wa Mwingereza ndiye aliyeuliza. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua hati ya Waingereza yenye hesabu ya kiinua mgongo cha askari wa Afrika Mashariki baada ya vita ile. Malipo yalipangwa kwa rangi. Mweupe aliweza kupata hadi mara tatu ya mweusi wa cheo kile kile, waliolala handaki moja na kula baridi moja!

Lakini kuna ubaguzi mwingine ambao sisi Wakurya tuliumeza tukaona mtamu. Mwingereza alikuwa na imani yake kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kupigana, na sisi akatuweka humo. Tukatembea kifua mbele. Hebu itazameni vizuri sifa hiyo. Mtu akikwambia umezaliwa kupigana, anakwambia hukuzaliwa kufikiri. Mwingereza aliondoka mwaka 1961, lakini orodha yake ameiacha ukutani. Mpaka leo kijana wetu mwenye cheti chake akifika Dar es Salaam kuomba kazi, anaonyeshwa geti: "Wewe Mkurya, kaa hapa ulinde." Kwenye vichekesho vya redio Mkurya ni panga na "mura, mura". Ubaguzi huo hauna Mzungu ndani yake. Ni sisi kwa sisi.

Sasa tuje kwenye vita yetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu, mwana wa Butiama, jirani yetu hapa, alitangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo. Wananchi wakatoa ng'ombe, wakatoa magari, wakatoa vyakula. Zaidi ya vyote wakatoa watoto. Jeshi halikutosha, likaongezwa mgambo waliotoka kwenye jembe na machunga. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu na ya wakombozi wa Uganda, na mwezi Juni vijana wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Waliokufa wana makaburi yao Kaboya, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wanawekewa mashada. Hilo ni jema, nami silipingi. Ninauliza juu ya waliorudi hai. Huyu hana kaburi la kuwekewa shada. Ana mguu unaouma wakati wa masika. Askari wa kudumu alistaafu na pensheni yake, na kima cha chini cha pensheni ya Serikali kilikuwa kama shilingi 50,000 kwa mwezi, hadi mwaka 2015 kilipopandishwa kufika kama 100,000. Pigeni wenyewe hesabu ya unga, mafuta ya taa na dawa. Yule mgambo je? Alirudisha bunduki, akashukuriwa, akaambiwa na yeye afunge mkanda miezi 18 kama wengine. Hakuwa na pensheni ya kudai. Miezi 18 ile, ndugu zangu, kwake haijaisha.

Sasa mniruhusu niwavushe kwenye michezo, maana michezo nayo iliwahi kuwa vita ya rangi.

Mwaka 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mbele ya John Walker, mtoto wa nchi ile ile. Dunia nzima ikasubiri wakutane Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka ule ule watoto wa Soweto walipopigwa risasi, na nchi za Afrika zaidi ya ishirini, Tanzania ikiwamo, zikasusia michezo. Walker akachukua dhahabu. Bayi alikuwa nyumbani. Medali hiyo pengine ilikuwa yake, na ilitolewa sadaka kwa ajili ya Mwafrika mwenzake. Mimi namhesabu kuwa askari wa vita ile, ingawa hakupiga risasi.

Mwaka 1980, mwezi Februari, Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali aje Dar es Salaam kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Mkumbuke Ali huyo ni nani. Mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam, nchi yake ikamvua ubingwa na kumnyima ulingo zaidi ya miaka mitatu. Leo wanamhitaji, anapandishwa ndege kama balozi! Mwalimu hakukubali kumwona. Kwani jambo kama hilo wangelipeleka London au Paris kwa mdomo wa bondia? Na waandishi wakamwuliza Ali swali lenyewe: Afrika ilipokuwa inasusia Montreal, Marekani ilikuwa upande gani?

Tukaenda Moscow. Bayi akapata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, mkoa wetu huu wa Mara, akapata fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tangu siku hiyo hadi Paris mwaka 2024 Tanzania haikupata medali nyingine ya Olimpiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ikapiga hata marufuku mashindano ya michezo ya shule, eti yanapoteza muda wa masomo, ikaja kuyarudisha baadaye. Ng'ombe unamkata chuchu, halafu unauliza maziwa yako wapi!

Septemba 2025 Alphonce Simbu, mwanajeshi wa JWTZ, alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya nchi yetu katika mashindano hayo. Nchi nzima ilishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini shangwe ni mvua ya siku moja. Nataka kujua imeandikwa wapi kwamba mtu aliyeipatia nchi medali atatibiwa vipi akifika miaka sabini.

Sasa zamu ya vijana. Wazee wangu, najua mnavyosema juu ya hip-hop: muziki wa wahuni, suruali zinateremka, maneno hayana heshima. Na mimi nilisema hivyo. Halafu nikajifunza ulikotoka. Ulizaliwa Bronx, New York, mwaka 1973, kwenye mitaa ya watu weusi na wa Puerto Rico, mitaa ambayo wenye nyumba waliitelekeza na Serikali ikaigeuzia mgongo. Watoto wa huko hawakuwa na ala za muziki wala gazeti. Walikuwa na santuri za wazazi wao na midomo yao.

Na sisi hatukuwa na litungu? Mpiga litungu alikaa katikati ya watu, akamsifu anayestahili, na mchoyo akamchoma mbele ya wakwe zake. Hakuna aliyemwita mchochezi. Hawa vijana ni wapiga litungu waliopoteza litungu.

Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa wimbo wa Ndio Mzee, akamchora mgombea anayeahidi kila kitu. Taifa lilicheka, wakubwa nao wakacheka wakidhani anasemwa jirani. Lakini tazameni desturi ilivyo. Wakati wa kampeni msanii anapandishwa kwenye lori, anapewa fulana na posho, anaitwa kioo cha jamii. Kampeni ikiisha, akiimba njaa, kioo kinavunjwa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo, akaachiwa Rais mwenyewe alipoagiza. Aprili mwaka huo huo Roma na wenzake walichukuliwa studio na watu wasiojulikana, wakaonekana baada ya siku kadhaa wakiwa na majeraha. Februari 2018 Sugu, ambaye alikuwa Mbunge wa Mbeya Mjini na ni mmoja wa waliouanzisha muziki huu nchini, alifungwa miezi mitano kwa maneno ya jukwaani. Askari anasahauliwa akiwa mzee. Msanii anaadhibiwa akiwa kijana. Kosa lao ni moja: wameendelea kuwapo baada ya kazi waliyotakiwa kuisha.

Na sisi wapinzani tusijitoe. Nasema haya ndani ya gazeti la chama na nataka yachapwe. Hata sisi tumewapandisha wasanii kwenye magari yetu tukawashusha kura zilipohesabiwa. Hata sisi tumemwita mzee wa vita jukwaani aonyeshe kovu lake, tukapiga makofi, tukaondoka bila kuuliza atarudije nyumbani. Kovu la mtu si bango la kampeni.

Sasa tufanye nini? Mimi nina maneno matatu tu.

La kwanza ni daftari. Kila kijiji kiandike wote waliotumikia: jina, kikosi, mwaka, na mashahidi waliokuwa naye. Mgambo waandikwe. Wajane waandikwe, maana wao ndio waliolima peke yao vita ilipokuwa inapiganwa. Daftari hilo lisomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hili halihitaji waziri wala shangingi. Linahitaji kalamu na wazee hawa kabla hawajatutoka. Na ninyi vijana mnaojua kusoma, kazi hiyo ni yenu. Mura, mzee wako akifa bila kuandikwa, usimlaumu Rais peke yake.

La pili ni sheria. Tangu mwaka 2003 tuna Sera ya Taifa ya Wazee, nayo inasema mzee asiyejiweza atibiwe bure. Sera ni nzuri, lakini nendeni nayo kwenye dirisha la dawa mwone. Sera ni ahadi, na huwezi kumshitaki mtu kwa ahadi yake. Sheria ni deni. Tunataka matunzo ya waliopigana vita, na ya walioipatia nchi medali, yaandikwe kwenye sheria, kiasi na tarehe, ili mzee asiende ofisini kuomba kama mkosaji. Aende kuchukua chake.

Wataniambia hakuna fedha. Ndugu zangu, msemaji wa maneno hayo asije kuyasemea Nyangoto! Mgodi huu umechimba tangu mwaka 2002. Sheria inairuhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma kwenye mapato ya kampuni. Waulizeni madiwani wenu, kwa adabu lakini bila woga, katika fedha hizo ni ngapi imeandikwa kwa ajili ya wazee wa vita. Kama hakuna hata senti, basi tatizo si fedha. Tatizo ni orodha ile ile ya ukutani, wamebadilisha majina tu.

La tatu ni la nyumbani. Tuache kuwapima watoto wetu kwa kipimo cha Mwingereza. Mwenye mbio apewe uwanja, mwenye maneno apewe kipaza sauti, anayetaka jeshi aende. Lakini aende kwa kuchagua, na ajue kabla hajaondoka nchi inamdai nini, na yeye ataidai nini akirudi.

Mwingereza alitulipa kwa rangi, tukasema ni kwa sababu si ndugu yetu. Huyu wa leo ni ndugu yetu, tumezaliwa naye, tunasema naye lugha moja. Yeye atatoa sababu gani?

Nani ana kalamu? Tuanze na mzee huyu wa mbele.